Kuchagua sheri: haki ya kuonja ilikuwa ya nani?

Ndugu msikilizaji, katika maduka ya vinywaji ya katikati ya jiji la Dar es Salaam mwenye fedha zake huingia, hunyoosha kidole, hulipa na kuondoka na chupa yake. Hakuna anayemwuliza yeye ni wa kabila gani wala ngozi yake ina rangi gani. Jambo hili tumelizoea mno, hata tumesahau kwamba lina historia.

Mwingereza aliingia Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa jeshi lake, wale wa Carrier Corps, waliwekwa mahali ambapo leo tunapaita Kariakoo, na jina lao likabaki pale. Baada ya vita mji ukagawanywa: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini penye maduka, na Kariakoo kwa Waafrika. Katikati ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, kama ukuta usio na matofali.

Mgawanyo huo haukuishia kwenye nyumba. Uliingia mpaka kwenye glasi. Hati ya udhamini ya mwaka 1922, iliyomkabidhi Mwingereza Tanganyika, ilimtaka asimamie kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Sheria za kileo zilizofuata zilimpima mnywaji kwa rangi. Bwana wa Uzunguni alikunywa sheri yake kabla ya chakula cha jioni bila wasiwasi. Mwafrika wa Kariakoo aliwekewa vizuizi kwa vileo vya Kizungu, na pombe yake ya kienyeji ikauzwa kwa leseni, mahali palipopangwa na kwa saa zilizopangwa. Mama aliyepika bila leseni alikamatwa. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, hatua kwa hatua, mpaka miaka ya 1950.

Wapo watakaosema: je, katazo lile halikutuokoa na ulevi? Mimi nasema hapana. Wakazi wengi wa Kariakoo walikuwa Waislamu, na wengi wao hawakugusa kileo kwa imani yao. Huyo alijikataza mwenyewe, na heshima yake ni kubwa. Lakini anayekatazwa kwa sababu ya ngozi yake hafundishwi kiasi. Anafundishwa kwamba chupa ya kigeni ni cheo. Somo hilo baadhi yetu tunalo hadi leo: tunanunua jina na bei, ulimi hatuuulizi.

Basi tuuulize. Sheri ya asili hutoka Jerez, kusini mwa Hispania, mji ambao Waarabu walipoutawala waliuita Sherish. Ni mvinyo wa zabibu nyeupe ulioongezewa pombe kali ya zabibu, kisha ukakomazwa katika mapipa, wa zamani ukichanganywa na mpya. Aina ya fino ni nyepesi, kavu kabisa, haina sukari. Manzanilla ni ndugu yake kutoka Sanlúcar, mji wa pwani. Hizi hunywewa baridi, na zinapatana na samaki wa Feri au korosho za kukaanga. Amontillado iko katikati. Oloroso ni nzito, ya rangi ya kahawia, yenye harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Mwenye kupenda tamu atafute ile iitwayo cream. Na Pedro Ximénez ni nzito na tamu kama asali ya tende. Kijiglasi kimoja kinatosha.

Ubora nao una dalili zake. Tangu mwaka 1996, katika nchi za Umoja wa Ulaya jina la sheri limehifadhiwa kwa mvinyo wa eneo la Jerez. Kwingineko jina hilo limewahi kubandikwa kwenye mvinyo wa kila namna, kwa hiyo soma karatasi ya chupa. Iepuke fino iliyokaa rafuni ikipigwa na jua. Joto letu huiua. Ukiifungua, iweke kwenye friji na uimalize kwa siku chache. Oloroso ni mvumilivu zaidi. Wala usidhani iliyo ghali ndiyo itakayokufaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tusisahau pia cha kwetu. Zabibu za Dodoma, zilizopandwa kwanza na wamisionari waliohitaji divai ya misa, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Jerez hawalijui. Mvinyo wa Dodoma si sheri, na hauna haja ya kujiita hivyo. Lakini anayependa utamu anaweza kuonja wa Dodoma kwanza, akajua ulimi wake unataka nini, kabla hajatoa fedha nyingi kwa chupa iliyovuka bahari.

Ndugu msikilizaji, asiyekunywa asishawishiwe, na anayekunywa anywe kwa kiasi. Wote wawili wanatumia haki ile ile ambayo wazee wa Kariakoo walinyimwa: mtu kuamua mwenyewe kipi kiingie kinywani mwake. Haki hiyo tusiikabidhi tena, safari hii kwa karatasi ya chupa.