Majani na Mfuko: Habari za Mahindi Yetu

Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi, na katika kurasa nyingine za kitabu hiki msomaji atakuta habari za maghala, mizani na masoko. Sisi twapenda kuandika juu ya udongo, kwa maana ghala hujazwa na shamba, na shamba lililochoka halijazi hata debe. Historia ya mahindi katika mkoa wetu wa Ruvuma yatufundisha jambo moja: mbolea ya mfuko imekuja kwetu na kuondoka kwa kufuata bei na maamuzi ya mbali, lakini majani ya kuulisha udongo na kuufunika yamekuwapo siku zote. Faida humfuata yule avitumiaye vyote viwili kwa hesabu.

Yafaa tuanze milimani Mbinga, kwa jirani zetu Wamatengo. Katika karne ya 19, walipokuwa wakishambuliwa na Wangoni, walijikusanya kwenye miteremko mikali, mahali ambapo mvua ingaliweza kuuporomosha udongo wote bondeni. Huko walishikamana na kilimo cha ngoro. Mnamo mwezi wa Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyapanga ardhini kwa mistari inayokatana kama wavu. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, hata shamba zima likawa mashimo na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage. Maharage yakiisha kuvunwa, matuta hungoja mvua za mwisho wa mwaka, ndipo hupandwa mahindi. Wakati huo majani yamekwisha kuoza na kuwa chakula, na mashimo hushika maji yasiteremke kwa kasi.

Kazi hii haikuletwa na Bwana Shamba yeyote. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiieleza kuwa ni njia ya kuhifadhi udongo. Tulinganishe na yaliyotokea Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu. Mwaka 1955 watu walifanya ghasia, na mpango ule ukaachwa. Ngoro imedumu kwa sababu aliyeichimba aliyaona mavuno yake mwenyewe.

Ushirika katika nchi hii ya kusini ulianza mapema. Mwaka 1936 kiliundwa chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo kwa ajili ya kuuza tumbaku. Siku hizo tumbaku na kahawa ndizo zilizoleta fedha, nayo mahindi yalikuwa hasa chakula cha nyumbani.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972. Katikati ya muongo huo serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na mkulima wa Songea, ajapokuwa mbali na Dar es Salaam, akalipwa sawasawa na aliye karibu. Mbolea iliuzwa kwa ruzuku, na Mpango wa Taifa wa Mahindi ukapeleka mifuko na mbegu bora vijijini. Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa zikawa ghala la taifa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mahindi yaliendelea kupanuka. Mfuko ulipokuwa rahisi, kuchoma mabua ili shamba lilimike upesi hakukuonekana kuwa hasara.

Kisha neema ikakatika. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, na baina ya msimu wa 1990/91 na wa 1994/95 ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua. Bei moja ya nchi nzima nayo ikawa imekwisha. Umbali, ambao zamani ulilipiwa na serikali, ukamwangukia mkulima: alinunua mbolea ghali kwa sababu imetoka mbali, akauza mahindi rahisi kwa sababu yanakwenda mbali.

Mwaka 2008 zililetwa vocha. Kaya ilisaidiwa mbolea na mbegu za ekari moja, serikali ikilipa nusu ya gharama, mpaka mpango huo ulipokoma katika msimu wa 2013/14. Mwaka 2021 bei za mbolea zilipanda duniani kote, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikazidisha taabu. Tarehe 8 Agosti 2022, katika Nanenane ya Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa yurea ukawekewa bei ya shilingi 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme ekari moja imetiwa mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa yurea kwa bei hiyo: ni shilingi 140,000. Kilo ya mahindi ikiuzwa shilingi 1,000, deni hilo ni kilo 140. Ikishuka hadi shilingi 500, deni ni kilo 280, yaani karibu magunia matatu ya kilo 100, kabla ya kulipa mbegu, vibarua na usafiri. Mfuko haukubadilika, bei ya mahindi ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo kila chembe ya mbolea sharti ifanye kazi.

Mfuko wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Gunia la kilo 100 la mahindi huondoka na kilo moja na nusu hivi. Kwa makisio hayo mfuko mmoja ungalitosha magunia 15, lakini sehemu yake huoshwa na mvua na sehemu hupotea hewani. Udongo wenye mboji huushika unyevu na chakula, lakini udongo uliochomwa moto kila mwaka hupitisha vyote kama chujio. Hapo ndipo majani yanapoulinda mfuko.

Hata hivyo, majani nayo yana masharti. Mabua makavu yakichanganywa na udongo siku chache kabla ya kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha huila naitrojeni, na mahindi hugeuka manjano. Wazee wa ngoro walifukia majani tangu Machi, wakatanguliza maharage, ndipo wakapanda mahindi mwishoni mwa mwaka. Asiyechimba ngoro na ayaache mabua juu ya ardhi yawe matandazo. Nayo yurea isimwagwe juu ya matandazo, maana itapotea hewani. Ifukiwe kando ya shina, udongo ukiwa na unyevu.

Twajua kwamba mabua yana wenyewe wengi. Ng'ombe huyataka, moto wa wawinda panya huyafikia kabla yetu, na kazi ya jembe katika ngoro imewaelemea akina mama. Haya hayatatuliwi na mkulima mmoja. Yahitaji makubaliano ya kijiji kizima juu ya moto, malisho na mgawanyo wa kazi.

Hoja iliyo mbele ya Mkutano Mkuu ni hii: je, Chama kiendelee kukopesha mbolea kwa kila ekari, au kianze na ekari ambayo mabua yake hayakuchomwa? Sisi twaunga mkono shauri la pili. Mwanachama anayekopa mfuko kwa ajili ya shamba tupu huweka rehani mavuno yake, na akishindwa kulipa, deni huwa letu sote. Ruzuku yaweza kuja na kuondoka tena, kama ilivyokwisha kufanya. Ndugu wanachama, msimu huu mkiisha kuvuna, zuieni moto kwanza, kisha njoni ofisini kuandikisha mifuko.