Kombe dogo la Yorkshire

Samahani kwa ukimya, kazi zilinibana. Wiki hii jamaa wa dawati la michezo walinipa kibarua cha kuziba nafasi chini ya ukurasa: mistari minne kuhusu raga ya Uingereza. Mimi mtu wa soka! Nikaanza kusoma ili nisije nikaandika upuuzi, na saa saba usiku ikanikuta bado niko mwaka 1907. Mistari minne ilitoka gazetini. Kisa chenyewe nimekileta huku.

Kwanza tuwekane sawa. Raga ziko mbili. Kuna hii ya watu 15 tunayoiona kwenye televisheni wakicheza New Zealand na Afrika Kusini, na kuna ya watu 13, ambayo kwao ni kaskazini mwa Uingereza, majimbo ya Lancashire na Yorkshire, miji ya makaa ya mawe, nguo na chuma. Zamani ulikuwa mchezo mmoja. Kilichoutenganisha ni hela, tena hela ndogo tu. Mechi zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi mchimba makaa alikuwa kazini kama siku nyingine. Akisafiri kwenda kucheza, mshahara wa siku hiyo unakatwa. Klabu za kaskazini zikaomba ruhusa ya kumfidia mchezaji kile alichokipoteza, basi. Mwaka 1893 chama cha raga kikapiga kura jijini London: 136 wakakubali, 282 wakakataa. Waliokataa walisema raga ichezwe kwa mapenzi, si kwa malipo. Ukiwa unaishi kwa mali ya baba, hoja hiyo inaingia akilini vizuri sana.

(Hapa nilicheka peke yangu. Nilipomaliza chuo niliandikia gazeti moja miezi kadhaa bila senti tano, nikiambiwa napata uzoefu. Bosi aliyekuwa akiniambia hivyo alikuwa analipwa kila mwisho wa mwezi.)

Tarehe 29 Agosti 1895 wakubwa wa klabu za kaskazini wakakutana Hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa, wakaunda chama chao, Northern Union. Fidia ikawekwa shilingi 6 kwa siku. Msidhani walifungulia bomba. Hata walipokubali kulipa wachezaji moja kwa moja, mwaka 1898, sharti lilikuwa mchezaji awe na kazi yake halali, asiishi kwa mpira. Sharti hilo liliondolewa 1905, na mwaka huohuo ndipo yalipoanza makombe mawili ya mtoano, moja la klabu za Lancashire, jingine la Yorkshire. Mwaka uliofuata wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na anayeangushwa akaruhusiwa kusimama na kuurudisha mpira mchezoni kwa mguu. Mchezo ukawa wa kasi zaidi. Watu walikuwa wanalipa kiingilio, lazima waone kitu.

Sasa hesabu inayonivutia. Baadaye klabu moja iliweza kuwania mataji manne kwa msimu: ubingwa wa taifa, Challenge Cup, ligi ya jimbo na kombe la jimbo. Hili la mwisho ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Linaanza msimu ukiwa bado mchanga, wapinzani wote ni majirani, mnajuana mpaka majina ya utani. Lakini ukitolewa huko, ndoto ya manne imekwisha kabla ya Krismasi.

Hunslet ni mtaa wa Leeds, kusini mwa mto Aire. Ulikuwa mtaa wa karakana, na vichwa vya treni vilivyoundwa pale vilisafirishwa nchi nyingi duniani. Klabu yake ilikuwa na uwanja uitwao Parkside. Upande wa pili wa jiji kuna Headingley, nyumbani kwa klabu ya Leeds, uwanja mkubwa na wa kifahari zaidi. Fainali ya Kombe la Yorkshire ya Desemba 1907 ikapangwa hukohuko Headingley. Hunslet dhidi ya Halifax, ambao miezi michache nyuma walikuwa wametwaa ubingwa wa taifa. Matokeo: Hunslet 17, Halifax 0. Wakati huo trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli, ilikuwa pointi 3 na goli la mguu pointi 2. Kumfunga bingwa 17 bila jibu haikuwa bahati.

Nahodha alikuwa Albert Goldthorpe, mwenye umri wa miaka 36. Wakati wenzake wa rika lake wameshastaafu, yeye msimu ule akawa mchezaji wa kwanza kufikisha magoli 100 ya mguu kwa msimu mmoja. Mbele yake walikuwepo majitu sita waliopewa jina la "Terrible Six", maana yake sita wa kutisha. Na ndio msimu ambao New Zealand walikuja kwa mara ya kwanza kucheza raga hii, wakabandikwa jina la All Golds. Ilikuwa kejeli: hawa si All Blacks, wamefuata dhahabu. Unaona maneno yaleyale ya 1893 yalivyosafiri.

Mengine nayapitia haraka. Ligi ya Yorkshire, wakachukua. Aprili 1908, uwanja wa Fartown, theluji inaanguka, wakaifunga Hull 14-0 na kubeba Challenge Cup. Fainali ya ubingwa dhidi ya Oldham ikaisha 7-7, ikarudiwa, Hunslet 12-2. Manne yametimia, na hakuna klabu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo.

Huddersfield walirudia 1914/15, Swinton wa Lancashire 1927/28. Basi. Mmoja wa wale sita, John Willie Higson, alikuwa amehamia Huddersfield na akayapata manne kwa mara ya pili! Ligi za majimbo zilifutwa 1970, na makombe ya majimbo yakafutwa 1993, baada ya fainali za 1992, klabu zikilalamika kwamba ratiba imejaa mno. Jina la Kombe la Yorkshire lilifufuliwa 2019 kwa mechi za kujiandaa na msimu, ila lile la kumaliza hesabu ya manne halipo. Kwa hiyo orodha ile imefungwa na klabu tatu, hata mje na timu ya malaika.

Na Hunslet wenyewe? Jukwaa kuu la Parkside liliteketea kwa moto mwaka 1971. Mwaka 1973 uwanja ukauzwa na klabu ikavunjwa. Waliobaki wakaanzisha nyingine mwaka huohuo, New Hunslet, wakaenda kuchezea kwenye uwanja wa mbio za mbwa.