Sanaa Dhahania ya Mseto

Anayetafsiri kwa pupa jina ambalo Waingereza wameipa sanaa hii, "mixed media", huishia kuandika "vyombo vya habari mchanganyiko", kana kwamba mchoraji amebandika redio kwenye turubai. (Magazeti, kusema kweli, huwa yamo.) Kosa linatokana na neno "media", ambalo kwetu limezoeleka kwa maana ya habari tu. Kwa msanii ni kile anachofanyia kazi: rangi ya mafuta, mkaa, karatasi, kitambaa, waya. Akitumia viwili au zaidi katika picha moja, jina hilo ndipo linapoifaa.

Kiswahili kina neno tayari, tena liko jikoni. Mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Kutoka chunguni neno limetembea: shambani kuna kilimo mseto, na kwenye siasa tukapata serikali ya mseto. Kote huko vilivyoungana hubaki vikijulikana. Choroko haigeuki mchele. Nalipenda kuliko "mchanganyiko", ambalo linanikumbusha zege. Katika picha ya mseto, tiketi iliyobandikwa kwa gundi bado ni tiketi.

"Dhahania" lina utata zaidi. Wengi tulikutana nalo darasani, kwenye nomino dhahania: upendo, woga, uzuri, mambo yasiyoshikika. Asili yake ni Kiarabu, dhihni, yaani akili. Lakini picha yenye gunia, mchanga na vifungo inashikika mno. Ukipitisha kidole kinakwaruzwa. Kinachokosekana ni sura: huoni mti wala mtu. Wachongaji wa Kimakonde wanao mtindo wa namna hiyo, na wameuita mawingu. Laiti ningeulizwa, ningechagua hilo. Dhahania limeshaingia vitabuni, basi libaki, mradi msomaji asidhani ni picha ya mawazo matupu.

Wanaoifanya sanaa hii husema inawasaidia kujitambua. Wengine huandika "kujigundua", nami nadhani wanakosea. Hugunduliwa kile ambacho hakikujulikana kabisa. Hutambuliwa kile ulichowahi kukiona, kama unavyomtambua jirani gizani kwa mwendo wake. Mtaani neno limekuwa hata karipio: "Jitambue!" huambiwa kijana anayechezea maisha.

Mfano wa kujitambua huko ninaoujua vizuri ni wa msanii Kurt Schwitters, aliyezaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1887. Alisomea uchoraji wa kawaida, wa sura za watu na mandhari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ikiwa imevurugika, akaanza kuokota takataka: tiketi za tramu, vipande vya mbao, waya, karatasi za kufungia bidhaa. Mwaka 1919 alikata tangazo la benki, na kwenye kipande alichobandika zikabaki herufi nne, "Merz", mkia wa neno lenye maana ya biashara. "Merz" peke yake halikuwa na maana yoyote. Akaiita sanaa yake yote Merz, na baadaye akajiita Merz yeye mwenyewe. Hakukaa chini kujiuliza yeye ni nani. Mkono uliokuwa ukikata karatasi ndio uliomletea jina, naye akalitambua kuwa ni lake.

Jina hilo alitembea nalo. Mwaka 1937 aliwakimbia Wanazi akaenda Norwei, na mwaka 1940 akakimbilia Uingereza, ambako alizuiliwa pamoja na Wajerumani wengine kwenye kisiwa cha Man. Mjengo mkubwa aliouunda ndani ya nyumba yake Hannover, Merzbau, uliteketezwa na mabomu mwaka 1943. Kule kizuizini plasta ya kuchongea haikupatikana, basi akafinyanga sanamu kwa uji aliokuwa akiukusanya kwenye sahani za kifungua kinywa. Ziliota ukungu, na hakuna hata moja iliyobaki.