Kidonge Nacho Kina Siri Yake

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi ya kuandika programu imenibana. Leo tuiache tarakilishi kidogo, tuzungumzie kidonge.

Nikipakua faili kubwa huikagua alama yake, nijue imefika nzima. Juzi nilinunua dawa ya malaria nikajiuliza: hii nayo huikaguliwa vipi? Pakiti na rangi huigwa. Ukweli umo ndani, tena umechanganywa na wanga na unga mwingine usiotibu chochote. Sharti dawa yenyewe itolewe humo kwanza.

Mbinu hii ina historia ndefu. Mwaka 1903 huko Warsaw, mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet alieleza namna ya kuzitenga rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga. Mwaka 1906 akaipa jina kromatografia. Mwaka 1938 huko Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber, waliokuwa wakichunguza dawa za mimea, wakaupaka unga huo juu ya kioo, utando mwembamba tu. Miaka ya 1950 Egon Stahl wa Ujerumani akaipangia utaratibu, ikaenea.

Siku hizi kidonge husagwa, kikatiwa kimiminika kinachoyeyusha dawa, kisha kikachujwa. Tone lake huwekwa kwenye sahani kando ya tone la dawa halisi. Sahani husimamishwa ndani ya kimiminika kingine, nacho hupanda na kuyabeba matone. Madoa yakifika kimo kimoja, ni dalili njema. Doa likififia, dawa imepunjwa. Lisipoonekana, umeuziwa unga. Shirika la GPHF la Ujerumani limeiweka maabara hii ndani ya sanduku liitwalo Minilab.

Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba asilimia 38 ya sampuli za artesunate walizonunua madukani Asia ya Kusini-Mashariki hazikuwa na artesunate yoyote.

Hata hivyo, doa si hukumu ya mwisho. Likitia shaka, sampuli hupelekwa kwenye maabara kubwa. Lakini hapo ndipo mfano wangu wa faili unapoishia. Faili ikiharibika naipakua upya. Mtoto mwenye malaria kali huenda asipate nafasi ya pili.

Wasemaje, msomaji? Tukutane tena hapa, Mungu akipenda.