KATA ZILIZOACHWA NJIANI

Leo nataka tuzungumze juu ya kata. Sisemi kata ya diwani, wala ile ya kuchotea maji mtungini. Nasema kata ya karate, ule mfululizo wa hatua, ngumi na makingo ambao mwanafunzi huufanya peke yake, kama anayepigana na watu asiowaona.

Miaka ya tisini, nilipokuwa kijana, nilijifunza Shotokan katika ukumbi mmoja wa shule, jioni baada ya masomo. Mwalimu wetu alitufundisha kwanza kata tatu ziitwazo Taikyoku. Tulizirudia mpaka wengine tukawa tunaziota usingizini. Ndipo siku moja akaja mtahini mgeni, akakunjua karatasi yake, akasema hizo hazimo. Mwalimu alinyamaza. Nasi tuliokuwa tumejipanga mstarini tukatazama chini, maana ilikuwa kama tumeambiwa kuwa mwaka mzima tulifundishwa uongo.

Haukuwa uongo. Lakini ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichotokea.

Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868, alikwenda Tokyo kuionyesha katika maonyesho, akabaki huko huko kufundisha. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1935 alieleza kata 15. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kwa mtu wa malezi yake. Mwenyewe amesimulia kwamba zile kata tatu za Tekki pekee zilimchukua miaka kama 10. Wazee wa Okinawa hawakuwa na haja ya orodha. Mtu alikuwa na kata mbili au tatu, akazeeka nazo.

Orodha ililetwa na shule. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu Anko Itosu aliingiza karate katika shule za Okinawa, akatayarisha kata tano za Pinan kwa ajili ya wanafunzi. Ukishakuwa na darasa la watoto wengi unahitaji madaraja, mitihani na muhtasari wa mafunzo. Na muhtasari, kama mwalimu yeyote anavyojua, ni kazi ya kukata kuliko kuongeza.

Sasa zile Taikyoku zetu. Zilitoka katika mduara wa Funakoshi mwenyewe na mwanawe Gigo, kwa lengo la kumrahisishia anayeanza. Taikyoku ya kwanza inapita njia ile ile ya Heian ya kwanza: unakinga chini, unapiga ngumi, unageuka. Kisha ukaja mwaka 1945. Ukumbi wa Funakoshi uliteketea katika mashambulizi ya ndege, na Gigo akafariki mwaka huo huo kwa kifua kikuu. Chama cha Karate cha Japani kilipoundwa mwaka 1949 na baadaye kupanga mafunzo yake, kilifikia kata 26, na Taikyoku haimo. Kwani kuna haja gani ya kupanda ngazi mbili zinazofika mahali pamoja? Vyama vingine vya Shotokan vikaendelea nayo hadi leo. Kwa hiyo mwalimu wetu na mtahini wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alishika karatasi ya nyumba yake.

Wapo walimu walioacha kata kwa makusudi kabisa. Hironori Ohtsuka, mwanzilishi wa Wado, alianza na orodha ndefu, lakini uzeeni akabaki akisisitiza kata 9 tu. Naihanchi aliishika ya kwanza, ya pili na ya tatu akaona hazina faida kubwa. Mwenzake Kenwa Mabuni wa Shito alikuwa kinyume chake. Yeye alikusanya kata kutoka kila upande, ndiyo maana mtindo wake una kata nyingi kupita mitindo mingine mikubwa. Mimi binafsi namwelewa Ohtsuka, lakini moyo wangu uko kwa Mabuni. Aliyeacha anaweza kukosea, na akikosea hakuna wa kumsahihisha.

Vita nayo ilikata bila kuuliza. Katika mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 aliuawa Jinan Shinzato, mwanafunzi ambaye Chojun Miyagi wa Goju alimtegemea amrithi. Mtu wa namna hiyo hafi peke yake.

Halafu yakaja mashindano. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulifanyika Tokyo mwaka 1970, na kwa miaka mingi kulikuwa na kata 8 za lazima, mbili kwa kila mtindo mkubwa. Kijana anayetaka medali angepoteza muda gani na kata ambayo mwamuzi hakuiomba? Zile za polepole, zisizo na mruko wala kishindo, zikaachiwa wazee.

Lakini mashindano hayo hayo yaliokoa kata nyingine. Kulikuwa na mtindo wa Ryuei, uliofichwa vizazi kadhaa ndani ya ukoo wa Nakaima huko Okinawa, haufundishwi mtu wa nje. Ulipofunguliwa, Tsuguo Sakumoto akaichukua kata yake iitwayo Anan, akawa bingwa wa dunia mara tatu, 1984, 1986 na 1988. Na mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Ryo Kiyuna wa Okinawa alitwaa dhahabu kwa kata ya ukoo huo huo, Ohan Dai. Michezo iliyofuata, ya Paris mwaka 2024, karate yenyewe haikuwamo katika orodha.

Mwalimu wetu nilimkuta mwaka jana, amestaafu. Nilimwuliza kama bado anafanya Taikyoku. Akasogeza kiti, akavua kandambili, akanionyesha yote matatu hapo uani, kuku wakimpisha.