Jiko la Frankfurt

Vita Kuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, miji ya Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Katika mji wa Frankfurt, msanifu Ernst May alikabidhiwa kazi za ujenzi mwaka 1925, naye akaona kuwa nyumba hazina budi kuwa ndogo ili zipate kuwa nyingi. Lakini nyumba ndogo na samani kubwa havipatani. Kabati zito la urithi likiingizwa chumbani, mwenye chumba hutoka nje. Basi ikaamuliwa kuwa baadhi ya samani zisinunuliwe tena dukani, bali zijengwe pamoja na ukuta.

Kazi ya jikoni alipewa Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1897. Mwaka 1926 alitoa mchoro wa chumba chenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Mfano wake mmoja ulikuwa jiko la behewa la chakula katika treni, mahali ambapo mpishi hulisha abiria wengi bila ya kuwa na nafasi ya kugeuza mwili. Kadhalika alifuata elimu ya viwandani iliyokuwa ikienea kutoka Marekani, ya kupima kazi kwa saa na kuhesabu hatua za mfanyakazi, ili nguvu isipotee bure.

Chumba hicho kilistahili kutazamwa kwa makini. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukasimama ukutani. Na msomaji wa pwani, ajuaye mbuzi ya kukunia nazi inavyokunjwa ikawekwa kando, hatastaajabu sana. Kulikuwa na kigoda cha kuzunguka mbele ya dirisha, ili mpishi akate mboga ameketi, na katika meza kulikuwa na tundu la kusukumia maganda. Vyakula vikavu vilitiwa katika vyombo vya alumini vyenye mkono na mdomo wa kumiminia, kila kimoja kikiwa na jina la kitu chake. Unga peke yake uliwekewa chombo cha mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo huwafukuza wadudu wa unga. Hata rangi ilikuwa na sababu: makabati yalipakwa rangi ya buluu kwa kuwa ilisemekana nzi huiepuka. Mlango wa kusukuma pembeni ulielekea sebuleni, mama apate kuwaona watoto wake huku akipika.

Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa, na gharama yake ikaingizwa katika kodi ya nyumba. Hivyo mpangaji alipewa kwa pamoja jiko, makabati na namna ya kupika.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Familia nyingi za wafanyakazi zilizoea kupika, kula na kuzungumza katika chumba kimoja chenye moto. Jiko jipya halikuwa na mahali pa meza ya kulia. Mume hakuwa na pa kuketi, wala binti na mama yake hawakuweza kupishana wakifanya kazi pamoja. Vyombo vile vya alumini vilivyopangwa kwa hesabu vilikuwa chini, mkono wa mtoto ukavifikia bila taabu. Katika miaka ya 1970 wanawake wa Ujerumani waliotetea haki zao walilishutumu jiko hilo kuwa lilimfungia mama peke yake. Shutuma hiyo ni kali mno, kwani nia ya msanifu ilikuwa kumpunguzia mwanamke taabu ili apate muda wa mambo mengine. Walakini haiwezi kupuuzwa. Hatua zilihesabiwa barabara, lakini zilikuwa hatua za mtu mmoja. Naye Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye, kwa uungwana wake, kwamba alipochora jiko lile hakuwa amepata kuendesha nyumba wala kupika.

Mwaka 1930 yeye na May walikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na wasanifu wenzao. May alitoka huko akaja Tanganyika mwaka 1934 kulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Katika miaka ya 1940 akaandaa mpango wa upanuzi wa Kampala, na kipimo cha nyumba ya Mwafrika kikakatwa katika meza ya mchoraji, kama kilivyokatwa kipimo cha jiko la Frankfurt. Schütte-Lihotzky alirudi Vienna mwishoni mwa mwaka 1940 kujiunga na waliompinga Hitler kwa siri. Alikamatwa mwezi wa Januari 1941, akahukumiwa kifungo cha miaka 15, akafunguliwa vita vilipokwisha mwaka 1945. Alifariki Januari 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 103. Jiko lake moja limehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na ubao wake wa pasi ungali ukutani.