Jina la Amani Katika Mwaka wa Njaa

Wajapani tangu kale wana desturi ya kuipa miaka majina. Waliichukua China, na hata leo wanaifuata: zama walizo nazo sasa, Reiwa, zilianza 2019. Tangu 1868 kila mfalme ana zama zake moja tu. Zamani haikuwa hivyo. Palipozuka maradhi, tetemeko la ardhi au nyota yenye mkia, wanazuoni wa jumba la mfalme walipekua vitabu vya Kichina wakatafuta jina lenye fali njema, na hesabu ya miaka ikaanza upya.

Katika zama hizo zimo fupi mno ziitwazo Yōwa. Zilianza 1181 zikamalizika 1182, wala hazikutimiza mwaka. Kwa Hijria ni 577 na 578, kabla Salahuddin hajaingia Baitul Maqdis. Jina lenyewe lina maneno mawili: kulisha, na amani. Nalo lilitangazwa Kyoto hali watu wanakufa kwa njaa.

Aliyekuwa kitini ni Antoku, mtoto aliyezaliwa 1178 na kutawazwa 1180, bado hajui hata kusema vyema. Aliyemweka ni babu yake mzaa mama, Taira no Kiyomori. Mwaka huo huo ukoo wa Minamoto ukainuka kupigana na ukoo wa Taira, na Machi 1181 Kiyomori akafa kwa homa, vita akiviacha mbichi.

Kyoto haukuwa mji wa kulima. Mchele, kuni, nguo, vyote vilitoka mikoani. Basi ukame ulipofuatiwa na tufani na mafuriko, na mikoa ya mashariki ikawa mikononi mwa maadui, mji mkuu ulibaki na dhahabu isiyonunua kitu. Na huko Kamakura, Minamoto no Yoritomo alikataa kabisa kuitumia Yōwa. Mpaka 1183 nyaraka zake ziliendelea na jina la zamani, Jishō. Nchi moja, mwaka mmoja, majina mawili! Waliokuwa na njaa sidhani kama waliijali tofauti hiyo.

Habari zao tunazo kwa Kamo no Chōmei, aliyeyaona hayo akiwa kijana, akayaandika 1212 katika kitabu chake Hōjōki, akiishi peke yake kibandani mlimani. Anasimulia kwamba watu walibomoa nyumba zao wakauza mbao kuwa kuni, na thamani ya mzigo mzima haikutosha chakula cha siku moja. Katika kuni hizo zilionekana mbao zenye rangi nyekundu na dhahabu. Kumbe watu walikuwa wakivunja mahekalu. Lililomshika moyo zaidi ni hili: kati ya wawili wapendanao, aliyependa zaidi ndiye aliyetangulia kufa, kwa kuwa kila alichopata alimpa mwenziwe. Hivyo wazazi walikufa mbele ya watoto wao, na vitoto vilionekana vikinyonya maziwa ya mama ambao roho zimekwisha kutoka.

Maiti walijaa njiani. Mtawa mmoja wa hekalu la Ninnaji, jina lake Ryūgyō, alihuzunika, akawa kila akutanapo na maiti humwandikia pajini herufi A, ya kwanza katika abjadi ya Kisanskriti, iwe kifungo chake na Budha. Hakuuliza huyu ni nani, wa ukoo upi. Walipohesabiwa kwa miezi miwili, wa 4 na wa 5 wa kalenda yao, upande wa mashariki wa mji tu, walizidi 42,300. Waliokufa kabla na baada, na wa upande wa pili, na wa vitongojini, hawamo.

Mwishoni mwa mwezi huo wa 5, kwa ajili ya njaa na maradhi, wakubwa walikaa tena wakalibadili jina. Safari hii walichagua Juei, yaani umri mrefu wa milele. Antoku alizama baharini Dan-no-ura 1185, umri wake miaka 6.